GESI YA KUPIKIA NYUMBANI: JINSI YA KUIWEKA NA KUITUMIA BILA HATARI

Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee na wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri yenu imeniomba niseme machache juu ya gesi ya kupikia, nami nimekubali kwa furaha, ijapokuwa najua kwamba baadhi yenu mnajiuliza kama hili ni jambo la kuletwa mbele ya mkutano mkuu. Mkutano huu umezoea kusikiliza habari za karo za watoto, za wagonjwa na za mazishi. Lakini fedha za chama hiki hutolewa hasa nyumba ya mwenzetu inapopatwa na msiba, na moto ni mmoja katika misiba michache ambayo mtu aweza kuizuia kabla haijafika mlangoni. Ikiwa hatuoni haya kuchanga shilingi baada ya moto, basi tusione uzito kutoa nusu saa kabla yake.

Wazee waliomo humu walilelewa penye mafiga matatu. Leo wengi wenu mna mtungi wa gesi nyumbani, au wajukuu wenu wanao. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba nyumba 24 hivi katika kila 100 za Kenya zilipika kwa gesi, na 55 hivi bado zilipika kwa kuni. Tangu hapo mitungi imezidi kuingia majumbani. Mwaka 2018 Serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu yake, na bei ya makaa ikapanda; mwaka 2023 ikaiondolea gesi ile kodi ya mauzo. Mimi siwalaumu walioacha makaa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 ulimwenguni walikufa kwa sababu ya moshi wa majumbani, na mama aliyepikia kuni miaka 40 hahitaji shirika lolote kumweleza habari za kifua chake. Wako wasemao kwamba ugali wa gesi hauna ladha. Hayo nawaachia wao na wake zao.

Jambo ninalotaka kusema ni kwamba tumeipokea gesi pasipo kujifunza tabia yake. Moto wa kuni tuliujua kwa sababu ulitulea. Moshi wake hutia machozi, kaa lake huonekana, joto lake hukufukuza mbali. Gesi haina rangi wala moshi, na mtoto aweza kuketi ndani yake akicheza. Basi kabla sijasema fanyeni hivi wala msifanye vile, nataka mwielewe tabia hiyo, kwa maana mwenye kuielewa ataweza kujipatia kanuni zake mwenyewe hata pale ambapo mimi sitafika.

Gesi hii ni mchanganyiko wa gesi mbili, propani na butani. Ndani ya mtungi imegandamizwa mpaka ikawa kama maji. Ndiyo sababu ukiutikisa mtungi wasikia kitu kikicheza ndani. Ikitoka nje hurudi kuwa gesi na kutanuka kupita kiasi: lita moja ya yale maji huwa lita 250 hivi za gesi. Kwa hiyo tundu dogo kama la sindano si tundu dogo hata kidogo.

Tena gesi hii ni nzito kuliko hewa. Propani huzidi uzito wa hewa mara moja na nusu, na butani mara mbili. Moshi wa kuni hupanda darini. Gesi hushuka sakafuni. Hapa ndipo wengi wetu hukosea, kwa sababu macho yetu yamezoea moshi. Mtu hufungua kidirisha kilicho juu ya kichwa chake, akajiona amekwisha kuondoa hatari, na kumbe gesi imelala chini miguuni pake, imeingia uvunguni mwa kitanda, imekaa pembeni kama maji ya mvua katika bonde. Ikiwa mnataka kujua gesi iliyovuja itakwenda wapi, jiulizeni hivi: kama ningemwaga ndoo ya maji mahali hapa, yangekwenda wapi? Yangeshuka ngazi hadi kwa jirani wa chini. Yangeingia katika mfereji wa maji machafu. Yangepita chini ya mlango hadi chumba cha pili, ambako mtoto anapika chai kwa jiko la makaa. Gesi nayo hufuata njia hiyo hiyo, polepole, nayo ikifika kiasi cha sehemu 2 tu katika kila sehemu 100 za hewa, cheche moja yatosha.

Mtakumbuka usiku wa tarehe 1 Februari mwaka 2024, mtaa wa Mradi, Embakasi, hapa Nairobi. Lori lililobeba gesi lilikuwa katika yadi ya kujazia mitungi iliyowekwa katikati ya makazi ya watu pasipo kibali. Gesi ilitapakaa, ikakuta moto, ikalipuka. Watu kadhaa walikufa, na zaidi ya 270 wakajeruhiwa. Nyumba, magari na maduka yakateketea. Halmashauri ya Serikali isimamiayo nishati na mafuta, EPRA, ilieleza baadaye kwamba maombi ya kujenga kituo cha gesi pale yalikuwa yamekataliwa mara 3 katika mwaka 2023. Jambo lile lilikuwa kubwa kupita uwezo wa mama mmoja jikoni kwake. Lakini mtungi wa kilo 13 ulio uvunguni mwa meza ya mama huyo wafuata tabia ile ile iliyolifuata lori.

Sasa tuje katika kuuweka mtungi. Mahali pake hasa ni nje ya nyumba, penye kivuli, juu ya saruji iliyo sawa, ndani ya kizimba cha chuma chenye kufuli na chenye nafasi wazi chini ili gesi iliyovuja ipate kutoka. Usiuweke karibu na mdomo wa mfereji au shimo, wala chini ya dirisha. Kutoka hapo bomba la chuma au la shaba lililofungwa na fundi hupita ukutani hadi jikoni. Najua vema kwamba wengi wetu hapa mjini hatuna nje. Tunapanga chumba kimoja. Nje ni njia ya watu, na mtungi ukiachwa nje usiku, asubuhi haupo. Sitawaambia mtende msiloliweza. Ikiwa lazima mtungi ulale ndani, basi ukae karibu na mlango, mahali ambapo kama ungekuwa umemwaga maji yangetoka nje kwa urahisi. Mlango uwe na upenyo chini, wala msiuzibe kwa matambara, hata wakati wa baridi ya Julai. Usiutie kabatini, isipokuwa kabati limetobolewa matundu chini kabisa. Usiuweke chumba cha chini ya ardhi. Na usilale nao kando ya mto wako, kama ilivyo katika vyumba vingi nilivyovitembelea kwa kazi ya chama hiki.

Mtungi usimame wima siku zote. Wako watu ambao gesi ikikaribia kwisha huulaza ubavu, au huutikisa, au huutia katika karai la maji ya moto ili kukamua tone la mwisho. Ukiulaza, yale maji ya gesi huingia katika mpira badala ya gesi yenyewe, nawe utaona mwali ukipanda kutoka kichwa cha jiko hata darini. Ukiutia joto, nguvu iliyo ndani huongezeka pasipo wewe kujua imefikia wapi. Tone lile la mwisho halitoshi hata kuchemsha chai ya watu wawili.

Lililo kubwa zaidi katika kuweka jiko la gesi ni viungo. Mtungi wenyewe ni wa chuma kinene na mara chache sana hutoboka. Gesi huvuja pale ambapo kitu kimoja kinaungana na kingine: mtungi na regulata, regulata na mpira, mpira na jiko. Tarehe 16 Mei mwaka 1968, huko London, mwanamke mmoja akaaye ghorofa ya 18 ya jengo jipya liitwalo Ronan Point aliamka alfajiri, akawasha kiberiti apate kuchemsha maji ya chai. Gesi iliyokuwa imevuja ililipuka, ukuta ukasukumwa nje, na pembe nzima ya jengo lile la ghorofa 22 ikaanguka. Yeye alisalimika, lakini watu 4 walikufa. Wachunguzi walikuta kwamba jengo lilikuwa na udhaifu wake, na kwamba gesi ilitokea penye nati moja ya shaba iliyounganisha jiko na bomba, nati isiyo ya kipimo kinachofaa. Gesi ile ilikuwa ya bomba la mji, si ya mtungi kama yetu. Lakini nati ni nati.

Basi, regulata. Hiki ndicho kile kifaa kinachokaa kichwani mwa mtungi na kupunguza nguvu ya gesi kabla haijaingia katika mpira. Nguvu iliyo ndani ya mtungi yaweza kuzidi mara 100 ile inayohitajiwa na jiko la nyumbani. Mtu auzaye regulata ya bei ya kutupa kando ya barabara anakuuzia mlango ambao hujui kama una komeo. Wala msikubali regulata za nguvu nyingi zitumiwazo mahotelini kwa majiko makubwa, hata mkiambiwa kwamba maharage yataiva upesi. Kila uwekapo mtungi mpya, tazama ile washa ya mpira iliyo mdomoni mwake. Ikiwa haipo, au imepasuka, au imekauka, urudishe mtungi dukani. Usizibe kwa sabuni ya mche wala kwa kipande cha nailoni.

Mpira nao uwe ule uliotengenezwa kwa ajili ya gesi, na chapa yake iwe imepigwa juu yake. Mpira wa kumwagilia bustani hauwezi kazi hii, kwa maana gesi huula kutoka ndani. Usizidi urefu wa mita moja na nusu, usipite nyuma ya jiko penye joto, wala usibanwe na mlango. Ncha zake mbili zikazwe kwa vibanio vya chuma vyenye skrubu; waya wa kufungia makuti si kibanio. Mpira huchakaa hata kama haukutumika sana, na panya huupenda. Ukunje kwa vidole kila mwezi uone kama una nyufa, na baada ya miaka 2 au 3 nunua mwingine, hata kama huu wa zamani waonekana mzuri. Bei yake haifikii bei ya kujaza mtungi mara moja.

Baada ya kufunga viungo vyote, vipime. Chukua sabuni ya unga au ya maji, ikoroge katika kikombe mpaka ifanye povu, upake kila kiungo kwa brashi au kitambaa huku gesi imefunguliwa mtungini na jiko limefungwa. Mapovu yakifura na kuongezeka, gesi yavuja. Kaza, upime tena. Yakifura tena, funga mtungi uutoe nje. Kazi hii haichukui dakika tano. Wako mafundi wapimao kwa kuwasha kiberiti na kukipitisha kwenye kiungo. Fundi wa namna hiyo mpe nauli yake aende zake.

Pengine mtauliza, kwa nini tupime kwa sabuni na hali gesi ina harufu? Harufu ile si yake. Gesi yenyewe hainuki. Tarehe 18 Machi mwaka 1937, katika mji wa New London, jimbo la Texas, Marekani, gesi isiyokuwa na harufu ilivuja chini ya sakafu ya shule, ikajaa pasipo mtu kujua, kisha cheche ikaiwasha. Walikufa watu wapatao 300, wengi wao watoto. Baada ya msiba ule jimbo hilo likaamuru gesi itiwe dawa yenye kunuka, na desturi hiyo ikaenea ulimwenguni. Kwa hiyo ile harufu kama ya yai bovu au kabichi iliyooza ni onyo lililotiwa humo kwa makusudi. Lakini onyo hilo lahitaji pua. Wazee wangu, nasema kwa heshima, pua huzeeka kama yalivyo macho, na mwenye mafua haisikii harufu hata akiwa kijana. Tena mtu akikaa muda mrefu katika harufu hiyo, pua yake huizoea ikaacha kumwonya. Sabuni haizeeki.

Sasa niseme juu ya ule mtungi mdogo wa kilo 6 wenye jiko lililokaa juu ya kichwa chake, ambao hapa mjini huitwa meko. Umewasaidia wengi, kwa kuwa bei yake si kubwa na hauhitaji mpira wala meza. Hata hivyo mimi siupendi, na nitasema kwa nini. Kwanza, kiungo chake kiko chini ya moto wenyewe. Kikivuja, gesi haihitaji kutafuta mwali. Pili, sisi ni watu wa ugali. Ugali hausongwi kwa vidole viwili. Mama hushika mwiko kwa mkono mmoja na sufuria kwa mkono wa pili, akasukuma kwa nguvu za mabega, na chombo kizima, mtungi na moto na maji ya moto, hutikisika juu ya kitako chembamba. Mtoto akipita mbio hapo, hamna haja nieleze. Ikiwa hauna budi kuutumia, tia vyuma vya kukalishia sufuria vilivyo imara, usiweke sufuria kubwa kuliko uwezo wake, na ugali usongee chini, pembeni, baada ya kuiepua sufuria. Lakini mwenye kuweza kuongeza fedha kidogo na anunue jiko la mezani la mioto miwili, regulata na mpira. Mtungi ule ule wa kilo 6 utakaa chini hatua moja kando, na kazi itakuwa ya amani.

Jambo jingine hutokea katika nyumba zetu nyingi. Mama aona kwamba githeri na maharage humaliza gesi, kwa hiyo huweka jiko la makaa kwa vyakula vigumu na gesi kwa chai na mboga, na vyote viwili hukaa katika chumba kimoja. Hapo tumeweka moto sakafuni mahali pale ambapo gesi hushukia. Jiko la makaa liwe nje, tena lisirudishwe ndani likiwa na kaa hata moja. Ukiloweka maharage usiku kucha, gesi utakayotumia itapungua sana.

Katika kununua gesi sitakawia. Nunueni kwa wakala mwenye leseni, auzaye mitungi ya kampuni anayoiwakilisha, na mtungi uwe na lakiri yake mdomoni. Juu ya shingo ya mtungi pamepigwa chapa ya uzito wake ukiwa mtupu. Ongeza kilo 6 au 13 juu ya uzito huo, kisha mwombe muuzaji aupime mbele yako. Ikiwa mtungi wa kilo 13 umeandikwa 14.2, basi ukijaa uwe kilo 27.2. Ukipungua, umeibiwa. Ukizidi, jihadhari zaidi. Mtungi hujazwa kiwandani kwa kuachiwa nafasi juu, kwa sababu yale maji ya gesi hutanuka penye joto. Wale wanaomimina gesi kutoka mtungi hadi mtungi vichochoroni usiku hawaachi nafasi kwa kipimo, na mtungi uliojaa pomoni ukiwekwa juani haujui pa kutanukia. Na utakapochukuliwa kwa pikipiki, usilazwe.

Ukiwasha jiko lisilo na kiwashio chake, washa kiberiti kwanza, gesi baadaye. Kiberiti kikizimika, funga gesi, ungoje, ndipo uanze tena. Mwali mzuri ni wa buluu. Ukiwa wa manjano na kuacha masizi kwenye sufuria, gesi haiungui sawasawa, matundu ya jiko yasafishwe; tena moto wa namna hiyo hutoa sumu isiyo na harufu, kaboni monoksaidi, ile ile ya jiko la makaa katika chumba kilichofungwa. Jiko la gesi si la kuotea moto usiku. Wenzetu wakaao Limuru na Kinangop nawaomba wazingatie hayo. Kabla ya kulala, funga gesi mtungini, si kwenye jiko peke yake.

Ukisikia harufu ya gesi, usiguse swichi ya umeme, wala kuwasha wala kuzima, kwa sababu katika kuzima pia mna cheche. Usipige simu ukiwa mle chumbani. Zima moto wowote ulio wazi ikiwa waweza kuufikia pasipo kuvuka penye gesi, funga mtungi, fungua mlango kwanza kisha madirisha, uwatoe watu wote nje. Waite na majirani wa chini, kwa maana gesi yashuka kwao. Mtungi usiofungika utolewe nje taratibu pasipo kuuburuta juu ya mawe, uachwe mahali pa wazi mbali na watu na mfereji.

Na ikiwa moto umekwisha kuwaka kwenye kiungo cha mtungi, watu hupiga kelele kwamba utalipuka papo hapo, wakakimbia wakaacha watoto ndani. Watoeni watu kwanza, bila shaka. Lakini jueni kwamba mwali ulio mdomoni mwa mtungi hauwezi kurudi ndani, kwa kuwa ndani hamna hewa ya kuuwezesha kuungua. Ikiwa mwali ni mdogo na mkono wafika, funika mkono kwa gunia au taulo lililoloweshwa maji, ufunge gesi, na moto utakufa wenyewe. Ikiwa hufiki, usiuzime kwa maji wala kwa mchanga. Mwali ukizimwa na gesi ikaendelea kutoka, itajikusanya na kukungoja. Hatari ya mtungi kupasuka huja pale unapochomwa na moto ulio nje yake, kama kitanda au pazia. Hapo ondokeni mbali, mkapige simu 999 au 112. Aliyeungua amwagiwe maji baridi ya bomba kwa dakika 20. Msimpake dawa ya meno, wala unga, wala mafuta ya kupikia, wala yai, kisha apelekwe hospitali.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo limenisumbua zaidi katika kuandika hotuba hii. Anunuaye mtungi ni baba. Aufungaye ni kijana wa duka. Lakini auwashaye kila siku, tangu alfajiri hata usiku, pengine ni binti wa miaka 18 au 19 aliyetoka shamba juma lililopita kuja kulea watoto, ambaye hajapata kuona gesi maishani mwake. Ameonyeshwa mara moja: zungusha hapa, washa hapa. Kisha tumemwachia nyumba na watoto wawili. Mkifika nyumbani jioni hii, mwite binti huyo, umketishe, umweleze kama nilivyowaeleza ninyi: gesi hushuka kama maji, harufu yake ni onyo, mlango hufunguliwa kwanza. Mwache afunge na kufungua mtungi kwa mkono wake mwenyewe mpaka azoee. Na mwambie kwamba akisikia harufu atoke na watoto, hata kama chakula kitaungua, wala hatakemewa. Mtumishi anayeogopa kukemewa kwa ajili ya sufuria ndiye abakiye ndani akihangaika.

Kwa hayo nina maombi mawili kwa mkutano. La kwanza ni kwamba chama kinunue mizani moja na kuiweka ofisini kwa Mwandishi, ili mwanachama yeyote apate kupima mtungi wake. Na kwamba mjumbe wa kila mtaa apewe brashi na mpira mmoja wa akiba, wa kumpa mwanachama ambaye mpira wake umekutwa na nyufa, naye alipe polepole. La pili nalielekeza kwa wazee wangu walio na nyumba za kupangisha, nao wamo humu ukumbini, wala sitawataja. Wapangaji wenu hulala na mitungi kwa sababu hakuna pa kuiweka. Kizimba cha chuma chenye vyumba sita vya kufuli, kilichojengwa ukutani nyuma ya ploti, chaweza kutengenezwa na mchomeleaji yeyote wa mtaani, na gharama yake yakaribia kodi ya mwezi mmoja au miwili ya chumba. Naomba mkutano uyapigie kura yote mawili leo, kabla ya chakula.

Mtungi, regulata, mpira na kikombe cha sabuni viko juu ya meza ile karibu na mlango wa upande, ambao nimeomba uachwe wazi. Wapendao kuona jinsi ya kupima kiungo na wakaribie, akina mama watangulie, na maswali nitayajibu pale pale mezani.